Bwana Shamba Anajibu: Nairobi ijilishe yenyewe?

SWALI: Bwana Shamba, hujambo? Nimepanda sukuma kwenye magunia 6 nyuma ya ploti. Sasa mume wangu anaapa kwamba kila nyumba ya Nairobi ikifanya hivyo, malori ya Kinangop na Kitale yatakosa kazi. Tumebishana hadi chapati zikaungua. Nani mkweli? – Mama Pendo, Umoja

JIBU: Mama Pendo, pole kwa chapati. Shika kalamu. Kaunti yetu ina kilomita mraba 696 hivi, yaani ekari kama 172,000. Bomoa kila nyumba, ng'oa barabara zote, wafukuze simba wa mbugani, kisha panda mahindi matupu. Tuseme kila ekari ikupe magunia 20 ya kilo 90, mavuno ambayo wakulima wengi nchini huyasikia kwa jirani tu. Utapata magunia milioni 3.4. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu milioni 4.4. Ukimpa kila mtu gunia moja la kumpitisha mwaka, karibu milioni moja hawapati hata gorogoro. Na hapo hatuna pa kulala, wala hatujataja viazi, mchele wa Mwea au maziwa.

Ila usimcheke mzee bado. Januari 2008, fujo za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara, nilikuwa nakaa Kayole. Vibanda vya mtaani kwetu vilibaki mbao tupu. Magunia yangu 4 yalinilisha mimi na majirani wawili tuliopakana ukuta, tukichuma majani ya chini, ya juu tukiyaacha yakue. Tulikula sukuma hadi watoto wakaanza kutuchukia. Unga, hata hivyo, tulikuwa tumebakiza wa ushago. Gunia halikutupa ugali. Lilitupa mboga ya kulia ugali huo.

Basi sukuma, managu, kunde, mchicha, hizo lima hapo hapo. Zimwagie maji ya kuoshea mchele, ya mtaro kamwe. Halafu nina swali langu: umetoboa magunia ubavuni? Wengi hupanda juu peke yake, nafasi yote ya kando ikapotea. Ukijaza udongo, simamisha nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, ndipo utoboe pande zote na uchomeke miche.

Kokoto mtume mzee akaokote.