Gari ya resi inagoma ikipata moto

SWALI: Shikamoo fundi, niko Moshi, Subaru yangu ya rally asubuhi inawaka fresh ila nikishakimbiza nikazima, stata inatoa tik tu mpaka ipoe, na betri nimeweka mpya kabisa.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Betri ulikimbilia mapema. Kama umeihamishia kwenye buti, kama wengi wa resi, waya ni mrefu, na joto likipanda ukinzani (ugumu wa umeme kupita) nao unapanda, stata inakosa nguvu. Chukua testa (mita ya umeme) weka volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini palipo chuma kitupu, mtu apige stata gari ikiwa ya moto. Ikizidi nusu volti ethi yako (njia ya hasi kutoka betri hadi injini) mbovu, na mara nyingi utakuta bolti imefungwa juu ya rangi, kwangua mpaka chuma king'ae. Ikiwa sawa, pima hivyo hivyo upande wa chanya hadi stata, swichi kuu ya kukata umeme ikiwemo.

Chaji nayo: injini ikiunguruma, taa na feni zimewashwa, pima kwenye nguzo za betri, tafuta volti 13.8 hadi 14.4, ikishuka chini ya 13 anza na mkanda kabla hujalaumu altaneta. Na yule fundi wa kuchomoa waya wa betri gari ikiwaka eti anapima chaji, mkimbie, atakuunguzia kontrol boksi (kompyuta ya gari).