Chumba Huoza Alfajiri: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipokea Jumanne nikaisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili baba yako asikie. Umeuliza swali moja tu na umelipigia mstari: usome shahada ya ujasiriamali wa hoteli na ukarimu, miaka mitatu mizima, au uchukue fedha tulizokuwekea za ada ukapange nyumba ya vyumba 6 na kuanza biashara sasa hivi? Baba yako alisema, "Mjibu ndiyo au hapana, mtoto ana haraka." Nimeshindwa. Siku nne nimekaa na kalamu, na kila nikianza kujibu namwona yule binti wa mafunzo kwa vitendo amesimama mlangoni pa ofisi yetu, daftari kalikumbatia kifuani. Basi acha nianze na yeye.

Wewe ulikuwa darasa la tano. Nyumba yetu ya wageni unaikumbuka kwa mambo ya utotoni: chumba namba 9 ulicholala kila kilipokosa mtu, ngazi ya nyuma, rundo la mashuka ulilokuwa ukijificha ndani yake mpaka shangazi yako anapiga kelele. Unaikumbuka pia siku tuliyoshusha kibao. Ya katikati hukuyaona, na hatukukusimulia, maana mimi na baba yako tulikubaliana kusema kwamba uchumi ulikuwa mbaya. Haukuwa uchumi. Nyumba ilikuwa inajaa, mwanangu. Tulifunga nyumba iliyojaa watu.

Kauli ya baba yako unaijua kwa moyo: chumba huoza alfajiri. Muuza mashati asipouza leo atauza kesho, lakini chumba kisipolaliwa usiku wa leo, usiku huo umekwenda, hakuna kabati la kuuhifadhi. Niliiamini kauli hiyo na hadi leo naiamini. Ndiyo iliyotufanya tulikubali lile kundi la semina.

Walitaka vyumba 10 kati ya 12 tulivyokuwa navyo, siku 5, kwa nusu ya bei, kifungua kinywa na chakula cha jioni humo humo. Ulikuwa msimu wa wageni wachache. Shangazi yako alipiga vigelegele, baba yako akasema si unaona, vingeoza hivi. Nikatia sahihi jioni ile ile, wala sikuomba kianzio.

Siku ya pili ya kundi, magharibi hivi, akaingia yule mzee wa begi la kahawia. Huyo huwezi kumsahau, ndiye aliyekuwa akikuletea penseli. Miaka 6 alikuja kila mwezi, wiki ya kwanza, chumba namba 4, na hata siku moja hakuomba apunguziwe. Hakuwa na kawaida ya kupiga simu kwanza, na mimi ndiye niliyemzoesha hivyo kwa kumwambia kwamba chumba kile ni chake. Nikamwambia, "Mzee wangu, leo tumejaa." Akainua macho, akautazama ubao wa funguo nyuma yangu. Ndoano zote zilikuwa tupu. Akasema, "Hongera, binti yangu, biashara inakwenda." Akaliokota begi lake, akatoka. Hakurudi mwezi uliofuata, wala mwingine. Miaka yote hii, nikiona ubao wa funguo mahali popote, hesabu yangu ya kwanza ni ya ndoano tupu.

Wiki iliyofuata ndipo yule binti alipokuja ofisini. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, kozi ya aina hiyo hiyo unayoitaka wewe. Tulikuwa tumemweka kwenye kufua na kupiga pasi, na kumbe muda wote alikuwa anahesabu: sabuni, foronya, maji, dakika za mhudumu kwa kila chumba. Akafungua daftari mbele yangu. Ukurasa ulikuwa umegawanywa kwa mstari mmoja wa rula. Upande wa kushoto aliandika gharama zinazotudai hata nyumba ikiwa haina mtu: pango, mishahara, bima, leseni. Upande wa kulia aliandika zile zinazozaliwa mgeni anapoingia mlangoni: kufua, umeme, chakula, saa za ziada za mpishi.

"Mama," akaniambia, "tukiita bei yetu ya kawaida 100, mgeni wa chumba na kifungua kinywa anatugharimu 38. Ukimwongezea chakula cha jioni inafika 57. Lile kundi limetulipa 50."

Saba, mwanangu. Kwa kila chumba, kila usiku, tulitoa 7 mfukoni mwetu kabla hata hatujagusa pango. Vyumba 10 kwa siku 5, ni 350. Na mzee wa begi la kahawia angetuachia 62 kila usiku, bila kelele. Nilipomtajia ile kauli ya baba yako, yule binti hakuikataa. Alisema, "Kinaoza kweli, mama. Lakini kikioza kitupu tunapoteza pango peke yake. Kikilaliwa kwa bei ile, tunapoteza pango na saba juu yake."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia amekuja juzi na makaratasi yake, mimi nimeilea nyumba ile miaka 11, arudi akapige pasi. Akasema samahani mama, akaliacha daftari mezani, akaenda. Mwaka ule tulipokea makundi mengine matatu kwa bei ile ile. Kibao kilishuka mwaka uliofuata.

Sasa utasema jibu nimeshalitoa, nenda ukasome. Subiri.

Mwaka huo huo tulikuwa na mwanafunzi wa pili, darasa moja na yule binti, mwalimu mmoja. Huyo alijua kila neno. Alikuwa anaweza kukueleza mapato kwa kila chumba kilichopo, kwamba unachukua wastani wa bei unauzidisha na sehemu ya vyumba vilivyouzwa, na alieleza vizuri. Lakini mgeni alikuwa anasimama mapokezi mpaka anakohoa, naye hainui kichwa. Chuo ni kile kile. Kwa hiyo chuo peke yake si dawa, hilo nimeliona kwa macho.

Na kuna jingine, nililisikia kwa mlinzi miezi kadhaa baadaye. Jioni ile mzee alipotoka, yule binti aliacha pasi, akamfuata getini, akambebea begi, akatembea naye hadi akampatia pa kulala kwingine, kisha akarudi kumalizia mashuka. Hilo nalo alilifundishwa darasani? Baba yako anasema hapana, alizaliwa hivyo, na aliyezaliwa hivyo hahitaji shahada. Tumebishana juu ya hilo mpaka chakula kikapoa. Mimi nasema huruma ilikuwa yake, sawa, lakini ule mstari wa rula katikati ya ukurasa kuna mtu alimfundisha. Mimi nilikuwa na huruma pia. Sikuwa na mstari.

Umenitajia wakubwa watatu wa biashara ya hoteli ambao hawakupitia chuo cha hoteli: Ritz, Hilton na Statler. Nimewasoma wote, usifikiri nimewaruka. Ni kweli. César Ritz alitoka kijiji cha Uswisi, akapanda kutoka chini mpaka akafungua hoteli yenye jina lake Paris mwaka 1898. Lakini soma na mwaka 1902. London yote ilikuwa inasubiri kutawazwa kwa mfalme Edward wa Saba, naye Ritz amepanga kila kitu katika hoteli ya Carlton, halafu siku mbili tu kabla, mfalme akapasuliwa tumbo na sherehe ikaahirishwa. Ritz alianguka, na afya yake haikurudi tena kama zamani. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini nikatoka nje. Mtu huyo niliyemuona mbali kabisa na mimi, nilimwelewa. Wewe wa vyumba 6, kundi moja likikuvunjia ahadi umebaki na nini? Umefikiria kianzio? Umefikiria mkataba utasema nini mgeni akighairi jana yake?

Hilton alifika Cisco, Texas, mwaka 1919 akitaka kununua benki. Benki ikamponyoka, akaingia hoteli ya Mobley kutafuta kitanda, akakuta watu wa visima vya mafuta wanalala kwa zamu za saa nane nane. Akainunua, akageuza hata ukumbi wa kulia kuwa pa kulala, kwa sababu aliona kitanda kina faida kuliko meza. Baba yako amelipenda hilo, analirudia kila jioni. Lakini Hilton aliingia na macho ya mtu anayejua hesabu, na bado mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulimnyang'anya hoteli kadhaa. Jiulize wewe ungeingia Cisco na macho gani.

Statler ndiye aliyenigusa zaidi. Alianza kazi ya kubeba mizigo ya wageni hotelini akiwa na miaka 13. Hoteli yake ya mji wa Buffalo, Marekani, ya mwaka 1908 ilikuwa na bafu katika kila chumba, watu wakashangaa amewezaje kwa bei nafuu vile. Alijenga bafu mbili zikipeana mgongo, mabomba yakapanda katika uwazi mmoja. Hapo ndipo ninapousikia ujasiriamali, mwanangu: anasa ya matajiri ameipeleka kwa msafiri wa kawaida, na hesabu ikakubali. Huyo huyo mwanzoni hakuamini kwamba kazi ya hoteli inafundishika chuoni. Chuo Kikuu cha Cornell, huko huko Marekani, kilipoanza kufundisha kazi hiyo mwaka 1922, ilibidi aende ajionee wanafunzi wakiendesha hoteli ya muda kwa mikono yao, wageni wa kweli mezani. Akageuka akawa mfadhili wao. Mbeba mizigo, tazama fedha zake zilikokwenda. Na ile shule ya hoteli ya kwanza kabisa, ya Lausanne, Uswisi, mwaka 1893, ilianzishwa na wenye hoteli wenyewe, tena ndani ya hoteli, kwa sababu walikuwa wanakosa watu wanaojua kazi. Kwa hiyo usiniwekee chuo huku na hoteli kule kama maji na mafuta.

Baba yako amepita nyuma yangu sasa hivi akasoma, akasema, "Umeshampa jibu, limalizie." Jibu ninalo, si uongo. Liko kwenye ncha ya ulimi, na ungekuwa hapa jikoni ningekuwa nimeshalitamka mara tatu. Nalizuia kwa tabu sana. Nilimnyamazisha mtoto wa watu aliyekuja na hesabu zake, nikampa umri wangu badala ya sababu. Wewe sitaki nikufanyie hivyo, hata kama safari hii umri wangu uko sahihi.

Nifanyie mambo mawili. Hivyo vyumba 6, uvichoree ule mstari. Kushoto weka vinavyodai hata usiku usio na mgeni, na ujue kwamba nyumba ndogo inaumia zaidi hapo, maana pango na mlinzi wanagawanywa kwa vyumba vichache. Kulia weka vinavyokuja na mgeni, usisahau foronya, huwa zinasahaulika. Kisha uone unahitaji vyumba vingapi vilaliwe kila usiku ndipo usiwe unamlipia mgeni usingizi wake. Chumba huoza alfajiri, ndiyo, lakini andika na bei ambayo chini yake ni heri kioze.

La pili, nenda chuoni kwenyewe, usiishie kwenye kipeperushi. Uliza kama wanafunzi wanahudumia wageni wanaolipa au wanatandika vitanda vya mfano. Uliza mafunzo kwa vitendo ni miezi mingapi, na mwalimu wa hesabu za gharama amewahi kufanya kazi wapi. Ukimpata aliyewahi kufunga hoteli, kaa naye muda mrefu kuliko wote. Uliza pia kama kwenye kuandika mchanganuo wa biashara wanakuruhusu utumie nyumba yako ya kweli. Wakikubali, huenda hivyo vyumba 6 na hiyo shahada visiwe maadui kama ulivyoviweka kwenye barua. Naona nimeanza kuamua tena. Nasimama hapo.

Yule binti sikupata nafasi ya kumwomba radhi. Alimaliza miezi yake mitatu, nikamtilia sahihi fomu ya chuo, nikampa alama za wastani. Za wastani, mwanangu. Kila nikifikiria ile fomu natamani niipate niiandike upya.

Daftari lake nimelifunga kwenye bahasha hii. Jalada limelegea, lishike taratibu. Kurasa za nyuma hazijaandikwa, tumia hizo, halafu unirudishie kabla ya siku ya mwisho ya kuomba chuo. Shangazi yako anakusalimu, anasema namba 9 hakuwahi kumpa mgeni bila kuuliza kwanza kama wewe umelala.

Mama yako