Mkuu, shusha hiyo bunduki juu ya kabati leo hii

Unauliza bunduki gani ya kumwanzishia mtoto wa miaka 10, leseni ya kulungu hapa Michigan, na namna ya kuchuna. Halafu katikati unapitisha kwamba raifo yako iko juu ya kabati, "haina neno, magazini (kile kisanduku cha risasi) nimetoa, na mtoto nimemwonya". Hapo ndipo nilipokwama.

Maneno hayo hayo niliambiwa na muuza duka la silaha: magazini ikitoka, hiyo ni fimbo tu. Mtu anauza silaha kila siku ya Mungu na anamdanganya mzazi aliyekuja na mtoto! Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka. Nikaiweka juu ya kabati. Kijana wangu akapanda kiti, akaishusha amwonyeshe binamu yake, akavuta kifyatulio. Nyumba za huku kuta ni jasi. Risasi ilipita chumba chao ikaingia sebuleni kwa jirani. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini tulihamishwa, na mwanangu hadi leo akisikia mlango umebamizwa anaruka.

Sikiliza inavyofanya kazi. Ukisukuma bolti, yaani kile chuma chenye mkono wa kuvuta nyuma na mbele, inachukua risasi ya juu kwenye magazini na kuiingiza kwenye chemba, mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu tayari kufyatuliwa. Ukichomoa magazini baada ya hapo, umetoa zilizobaki. Ile iliyo ndani ya chemba imekaa palepale, na raifo nyingi za kuwindia zinailipua bila magazini. Kwa hiyo magazini kwanza, bolti baadaye. Ukigeuza mpangilio, bolti ikirudi mbele inapakia nyingine. Kisha angalia chemba kwa macho, na tia kidole, maana alfajiri porini macho hayaoni kitu. Mtutu wakati wote uelekee pasipo na mtu.

Mtoto afanye hivyo kila bunduki inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, hata kama wewe baba yake umetoka kuikagua sasa hivi mbele yake. Akikudai uifungue umwonyeshe, usimkaripie kwamba anakosa adabu. Mpe.

Na kumwonya hakutoshi, mtoto ni mtoto. Toka 13 Februari 2024 sheria ya Michigan inataka bunduki isiyo na mtu wa kuiangalia iwe haina risasi na imefungwa kwa kufuli, au ifungiwe ndani ya sanduku, pale ambapo mtoto yupo au huenda akawepo. Vituo vingi vya polisi vinagawa kufuli za waya bure. Risasi zifungie kwingine, funguo utembee nazo.

Leseni sijui niseme nini zaidi ya hili: msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ni 15 hadi 30 Novemba, mkasome wote wawili darasa la usalama wa uwindaji, na vaeni rangi ya chungwa. Kuchuna watakuelekeza wengine humu. Mimi nataka kusikia tu kama umeshaifungua hiyo bolti.