Bima ya mvua hutazama kipimo, haitazami shamba lako

Ndugu, umeuliza kama ukate bima ya mvua unayouziwa pamoja na mbegu, na kama ni kweli hulipa bila mtu kuja kukagua shamba. Ni kweli. Nimeikata misimu minne, na hapo pa kutokagua ndipo penye unafuu wake na ndipo paliponiumiza.

Bima hii haijui mahindi yako yakoje. Inajua milimita za mvua zilizopimwa kituoni au kukadiriwa kwa setilaiti. Zikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, wote waliokata eneo hilo wanalipwa. Zisiposhuka, halipwi mtu. Gharama ya kumtuma mkaguzi kwenye kila kishamba haipo, ndiyo maana mkulima mdogo anauziwa.

Msimu wangu wa pili mvua ilikatika mahindi yakitoa ndevu. Wiki mbili na zaidi, jua tupu. Kufika saa nne asubuhi majani yalikuwa yamejikunja, na ndevu zikakauka kabla chavua ya mbelewele haijazifikia. Wakati wa kuvuna nilikuwa namenya gunzi nakuta punje chache upande mmoja, kwingine kipara. Nikangoja fidia, haikuja. Kituo kilikuwa ng'ambo ya mlima, na huko ilishuka mvua moja kubwa ya jioni katikati ya ukame wetu. Kwangu halikupita hata wingu. Nilipokwenda kulalamika nikaonyeshwa mkataba: kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Mbegu na mbolea nilikuwa nimekopa, na deni nililipa kwa kuuza mbuzi.

Kwa hiyo muulize wakala kipimo kiko wapi hasa. Akisema setilaiti, ujue eneo hugawanywa miraba na kila mraba hupewa kipimo kimoja cha mvua; uliza mraba mmoja una ukubwa gani. Takwimu za mvua za setilaiti ziitwazo CHIRPS, ambazo hutumiwa sana na kumbukumbu zake zinaanzia 1981, zina mraba wa kama kilomita 5 kila upande. Ndani ya mraba huo mvua inaweza kumpata mmoja ikamruka jirani. Uliza pia siku zinaanza kuhesabiwa lini. Ukichelewa kupanda, kipindi walichokiita cha kuchanua kitapita mahindi yako yakiwa bado magotini. Viwavijeshi usiviulize, havimo.

Msimu wa nne ilinilipa, tena kabla sijavuna, nikanunua mbegu za kurudia bila kukopa. Sasa nakata kwa kiasi cha mkopo wa pembejeo tu, si zaidi.

Kama una muda, fanya hivi kwanza. Weka kopo la kuta zilizonyooka mahali pa wazi shambani, mbali na miti. Kila saa tatu asubuhi pima kina cha maji kwa rula, andika milimita, mwaga. Mwisho wa msimu omba takwimu za kituo chao uzilinganishe na zako. Zikipanda na kushuka pamoja, kata. Zikipishana mara kwa mara, hasa wiki za kuchanua, hiyo ada iweke akiba kwenye kikundi chenu.