Diski ya L5-S1: endoskopi ya ubavuni au ya nyuma?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi dereva wa lori, miaka 41. MRI inasema diski ya L5-S1, ile ya chini kabisa kiunoni, imetoka kushoto na kipande kimeshuka chini. Maumivu yanaanzia takoni yanashuka mpaka unyayoni, mwezi wa nne huu, dawa na fizio hazijasaidia. Nimetuma majibu India, hospitali moja inasema endoskopi ya ubavuni bila nusu kaputi, nyingine ya nyuma kwa nusu kaputi, ya tatu inataka matundu mawili. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, pole sana, miezi minne na mguu huo kwenye usukani sio mchezo.

Hizo njia zote ni endoskopi, yaani kamera nyembamba inapitishwa kwenye tundu dogo, na zinafanya kazi ileile, kutoa kipande kinachokandamiza neva. Tofauti ni wanaingilia wapi, na hilo linaamuliwa na kipande kimekaa wapi, sio njia ipi mpya zaidi wala ipi inatangazwa sana.

Ya ubavuni, wenyewe wanaiita transforamina, wanaingia sentimita 10 hivi au zaidi kutoka katikati ya mgongo wanapita kwenye kitundu ambacho neva inatokea. Uzuri wake ni kweli, inafanyika kwa ganzi ya sehemu tu, unakuwa macho au umesinzia kidogo, neva ikiguswa unasema hapohapo na daktari anasimama. Misuli haiumii sana na mfupa haukatwi au unakatwa kidogo. Ni nzuri mno kwa L4-L5, diski ya juu ya hiyo yako, na kwa diski iliyotokea pembeni kabisa. Ila kwa L5-S1 mfupa wa nyonga unakaa njiani, kuna watu wao umepanda juu kiasi kwamba bomba halipati pembe ya kuingilia, na kipande kikishashuka mbali chini inakuwa kazi kukifikia, afu neva inayotoka pale ikikwaruzwa mtu anabaki na hali ya kuungua mguuni kwa wiki kadhaa.

Ya nyuma, interlamina, inapita katikati ya pingili mbili kwa nyuma, na pale L5-S1 ndipo uwazi huo ni mpana kuliko pingili zote za kiuno, kwa hiyo mara nyingi hakuna haja ya kuchonga mfupa. Daktari anaiona neva ya S1 moja kwa moja, na hiyo ndio inayokupeleka maumivu unyayoni. Gharama yake ni nusu kaputi kwa kawaida, na neva inabidi isogezwe taratibu, ikivutwa sana inalalamika, na utando unaofunika neva unaweza kuchanika.

Matundu mawili: kimoja cha kamera, kingine cha vyombo, Wakorea wameiendeleza sana. Mkono wa daktari unakuwa huru zaidi, inafaa hasa pale mfereji wa uti wa mgongo wenyewe umebana. Kwa kipande kimoja laini sioni kama unaihitaji, ila kama huyo daktari ndio mkono wake umezoea hiyo, sina ugomvi nayo.

Kwa maelezo yako mimi ningeelekea ya nyuma. Ila muulize kila daktari ameshafanya ngapi za L5-S1 kwa njia anayokupendekezea, maana endoskopi inachukua muda kuizoea na mkono mchanga ndio hatari kuliko njia yenyewe. Na operesheni ya kawaida ya hadubini usiidharau, Waholanzi walilinganisha na ya ubavuni kwa wagonjwa 613, matokeo yakatoka 2022, baada ya mwaka endoskopi haikuwa duni kwa maumivu ya mguu, lakini hata ya hadubini wagonjwa walipata nafuu vizuri tu. Njia yoyote utakayochukua, diski inaweza kutoka tena, wengi wanasema watu 5 hadi 10 kwa kila 100, na kwa dereva anayekaa masaa mengi na kubeba turubai hilo ulizungumze na tajiri wako mapema.

Jambo moja halisubiri viza: ukianza kushindwa kukojoa, au sehemu za siri na katikati ya mapaja zikifa ganzi, au mguu ukashindwa kunyanyuka, nenda hospitali kubwa iliyo karibu siku hiyohiyo, hata usiku.

Na usitume ripoti ya maandishi peke yake, tuma picha zote za MRI kwenye CD, na eksirei ya kiuno inayoonyesha nyonga, waambie wakujibu mfupa wa nyonga umepanda mpaka pingili ipi.