Pa Kufunga Kamera ya Kulungu Katika Shamba la Mtu

Watu wakiniomba ushauri juu ya kamera za mtego, zile zinazofungwa mtini na kujipiga picha zenyewe mnyama anapopita, karibu wote huanza kwa kuuliza wanunue ipi. Mimi huwarudisha kwenye swali la mahali. Kamera ya bei nafuu iliyofungwa pazuri itakupa picha nzuri kuliko ya bei kubwa iliyofungwa popote. Ninaishi Pennsylvania, Marekani, ambako kulungu wa mkia mweupe ndiye mnyama rasmi wa jimbo tangu 1959, na kamera zangu ziko katika shamba la jirani.

Ruhusa itangulie yote. Ukiona mistari ya rangi ya zambarau kwenye vigogo vya miti, jua kwamba tangu 2020 sheria ya hapa inaihesabu sawa na kibao cha kukataza watu kuingia. Hata pasipo na rangi, mtafute mwenye shamba mchana kweupe, jitambulishe, mweleze kuwa unataka picha tu. Kubalianeni pa kuegesha gari, geti la kupita, na siku ambazo wawindaji watakuwepo. Kamera isielekee nyumba wala uwanja wa mtu yeyote. Mpelekee picha mara kwa mara. Wengi wa wenye mashamba hawa ni wawindaji na wanapenda sana kujua ni dume gani anapita kwao. Na msimu wa bunduki, baada ya sikukuu ya Shukrani ya Novemba, usiingie porini bila kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa. Hili silifanyii mzaha, hasa kwa sisi ambao hatukukulia katika utamaduni wa uwindaji wa huku.

Sasa ardhi yenyewe. Mchana kulungu hulala kwenye vichaka vizito akicheua. Jioni huinuka kwenda kula, na alfajiri hurudi. Picha zako ziko kwenye njia inayounganisha malazi na malisho. Wageni wengi hufunga kamera ukingoni mwa shamba la soya au mahindi kwa sababu ndiko walikowaona kulungu, kisha wanapata vivuli vya usiku vilivyo mbali. Wewe ifuate njia ile hadi ndani ya msitu, kama mita 50 hivi kutoka ukingoni. Kulungu waoga, hasa madume makubwa, husitasita hapo wakingoja giza kabla ya kutoka mahali pa wazi. Hapo ndipo utawapata kungali na mwanga.

Tafuta pia mahali ambapo ardhi yenyewe inawabana: pengo kwenye uzio, kivuko cha kijito chenye kingo za mwinuko, ukanda mwembamba wa miti kati ya misitu miwili. Septemba na Oktoba, mialoni myeupe inapodondosha kokwa, kulungu huweza kuyaacha mashamba na kushinda chini ya miti hiyo. Mwishoni mwa Oktoba tazama sehemu ambazo madume yamekwangua majani hadi udongo ukabaki wazi, na juu yake kuna tawi lililoinama ambalo huliramba na kulisugua kwa uso ili kuacha harufu. Majike nao hupita hapo. Ukiwa na kamera moja tu, mwezi huo ifunge hapo na uiweke irekodi video.

Usiwavute kwa mahindi wala chumvi. Ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, unaoharibu ubongo na usio na tiba wala chanjo, ulithibitishwa Pennsylvania mwaka 2012. Mate ni mojawapo ya njia zinazoueneza, na rundo la chakula huwakusanya wanyama pua kwa pua. Katika maeneo yaliyowekwa chini ya udhibiti wa ugonjwa huo, kuwalisha kulungu ni kosa kisheria. Naamini picha haina thamani ya kuhatarisha kundi zima, hata pale sheria inaporuhusu.

Kufunga kwenyewe kunategemea namna kihisi kinavyofanya kazi. Kinatambua joto linalosogea mbele yake kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mnyama anayeijia kamera moja kwa moja huchelewa kutambuliwa. Anayekatiza hutambuliwa upesi, lakini kamera nzito kufyatua itakuletea matako tu. Ndiyo maana mimi huielekeza kwa mshazari, takriban nyuzi 45 na njia, umbali wa mita tano hivi. Kimo cha mita moja, karibu na kifua cha kulungu, hutoa picha yenye uhai. Palipo na hofu ya wizi, ipandishe zaidi ya mita mbili na uiinamishe kwa kijiti nyuma yake.

Ielekeze kaskazini. Huku jua halifiki utosini hata siku moja. Mchana wa Desemba liko chini kabisa upande wa kusini, na kamera inayolitazama itakupa picha zilizofifia. Chagua mti mnene usioyumba. Ng'oa nyasi ndefu na ukate vitawi vilivyo mbele, kwa idhini ya mwenye shamba, la sivyo upepo utaijaza kadi picha za majani. Taa ya usiku iwe ya aina isiyoonekana. Ile inayowaka wekundu hafifu baadhi ya kulungu huigundua. Kwa baridi, nunua betri za lithiamu.

Kisha kaa mbali. Pua ya kulungu ni kali, na ukienda kila siku kuangalia kadi utamfundisha kuikwepa njia hiyo. Wiki mbili au tatu ni muda mzuri. Nenda mchana wakati wamelala, vaa buti za mpira, usiguse matawi ovyo, na kama mvua inakaribia kunyesha, ndiyo saa yako, maana itasafisha harufu. Ukirudi, jikague kupe mwili mzima, nyuma ya magoti na kwenye nywele pia, kwa sababu jimbo hili lina wagonjwa wengi wa Lyme, ugonjwa unaoenezwa na kupe.

Ukiwa unaanza, zunguka shamba mwezi Machi, theluji ikishayeyuka na majani mapya hayajachipua. Njia zote huonekana wazi, pembe zilizodondoka wakati wa baridi hukuonyesha walikokaa madume, na ukiwashtua huna cha kupoteza, kwani hadi vuli watakuwa wametulia. Weka alama kwenye simu kila kivuko na kila kichaka cha kulala. Agosti, pembe zikiwa zimekomaa chini ya ngozi yake laini, rudi na kamera kwenye alama hizo.