Mnaulizia GPU, mi nataka kujua spidi ya kupakia

Wiki hii meseji za kustrimu gemu, yaani kuonyesha laivu mtandaoni unavyocheza, karibu zote zimetoka huku huku Kanda ya Ziwa. Nimechagua kumi, zile zinazojirudia nimezijibu mara moja, naomba msizitume tena kabla hamjasoma.

Igoma: Kaka nina hela ya kununua kitu kimoja tu, GPU gani inafaa nianze kustrimu eFootball na GTA V?

Kila wiki swali hili linakuja na kila wiki mtu ananitajia hela yake na GPU (kadi ya picha ya kompyuta) aliyoiona dukani, hamna hata mmoja anayenitajia spidi yake ya kupakia, ile ya kutuma vitu mtandaoni. Mdogo wangu, kustrimu ni kutuma. Picha iwe nzuri namna gani kwenye kioo chako, kama haitoki nje ya chumba umecheza peke yako. Kwahiyo kabla hujatoa hata shilingi pima spidi kati ya saa mbili na saa nne usiku, muda ambao mtaa mzima upo mtandaoni, pima siku tatu, afu soma namba ya kupakia, sio ile ya kupakua ambayo ndo wanaiandika kubwa kwenye mabango. Chukua iliyo ndogo kuliko zote, toa theluthi, inayobaki ndo bitireti yako, yaani kiasi cha video unachotuma kila sekunde. Mbps 4 zinakupa kama kbps 2,700 hivi (Mbps 1 ni kbps 1,000), hiyo ni picha ya 720p, fremu 30 kwa sekunde, na kwenye simu inaonekana safi kabisa. Na upige hesabu ya data: kbps 3,000 inakula karibu GB 1.35 kwa saa, masaa matatu ni GB 4 za kutuma tu, gemu yenyewe na apdeti zake bado hujaziweka. Ukitegemea bando la simu litakuishia kipindi cha pili. Halafu huku kwetu Mwanza kuna milima ya mawe inayoziba mtandao wa mnara. Kama unakaa Mabatini au Isamilo na nyumba ipo mgongoni mwa mlima, sogeza ruta toka chumba cha nyuma uilete dirisha la upande wenye mnara upime tena, hiyo ni bure na watu hawaijaribu.

Namba ikikubali ndo tuje kwenye GPU. Wengi mna desktop za mtumba za maofisini, Dell OptiPlex au HP, na pawa saplai zake mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tafuta GTX 1650 ile isiyo na tundu la waya wa umeme, inakula wati 75 kupitia ubao mama na ndani ina NVENC, kisehemu maalum cha kubana video ili prosesa ihangaike na gemu tu. GT 1030 usinunue kwa kazi hii, haina NVENC hata kama muuzaji anakuapia. Kama kesi ni ile nyembamba chukua rula upime kwanza, kadi ya kawaida haiingii. Na hela ikigoma kabisa, prosesa nyingi za Intel zenye grafiksi ndani toka 2011 zina Quick Sync inayofanya kazi hiyo hiyo, anza na eFootball, GTA V isubiri.

Buzuruga: Nimeuziwa GTX 1050 Ti kwa bei poa sana, gemu ikifunguka tu kioo kinakuwa cheusi. Ni draiva?

Sio draiva (programu ya kuiendesha kadi), pole sana. Pakua GPU-Z, ni ya bure, usome jina la kadi. Zile zilizochakachuliwa inaziandika FAKE hapo hapo kwenye jina. Ni kadi za zamani sana, wamezibadilisha BIOS (programu ya ndani ya kadi) zijitambulishe kwa jina jipya wakabandika stika. Hata bila programu, geuza uangalie matundu: GTX 1050 Ti ya kweli kwa kawaida haina lile tundu la bluu la VGA. Na nyie wengine, muuzaji asiyekubali kuiwasha mbele yako gemu ikachezwa dakika 20 usimpe hela yako, hata kama ni shemeji yako.

Nyegezi, hosteli: Strimu yangu inaganda, nifanyeje?

Inaganda wapi? Kwako au kwa watazamaji? Nimeshasema mara nyingi kwamba "inaganda" sio maelezo, ni sawa na kwenda hospitali ukasema tu naumwa. Fungua OBS, ile programu ya kustrimia, nenda kwenye dirisha la Stats, liache wazi pembeni ukiwa laivu. Kuna namba tatu za fremu zinazopotea na kila moja ni ugonjwa wake. Ya kwanza ni fremu ambazo hazikuwahi kuchorwa: hapo GPU imezidiwa, gemu imeichukua yote, funga fremu za gemu kwenye 60 au ushushe grafiksi. Ya pili ni fremu zilizorukwa wakati wa kubana video: hapo enkoda (kinachobana video) imeelemewa, toka kwenye x264 inayotumia prosesa uende NVENC au Quick Sync, ukikosa vyote shuka 720p. Ya tatu ni fremu zilizodondoka njiani, huo ni mtandao na hamna kifaa ndani ya kompyuta kitakachouponya. Ukiona ya tatu inapanda punguza bitireti, hakikisha ipo CBR (bitireti isiyopanda wala kushuka) na fremu kuu (keyframe) kila sekunde 2, basi. Hosteli ambako watu arobaini wanavuta muvi kwenye ruta moja jibu ni kustrimu alfajiri.

Af hii ya kukimbilia kuongeza RAM kila kitu kikikwama iacheni. GB 16 zinatosha, na vijiti viwili vya 8 ni bora kuliko kimoja cha 16.

Kishiri: Waifai au waya?

Waya.

Pasiansi: Mwanangu ana miaka 15, anataka kustrimu gemu usiku na ananiomba UPS. Ni lazima? Na umeme wa huku utamuunguzia vitu?

Shikamoo mama. Nashukuru umeuliza kabla ya kununua. UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, ni lazima, lakini ujue kazi yake. Ile ndogo ya 650VA inatoa chini ya wati 400, kompyuta ya gemu inaimaliza kwa dakika chache, kwahiyo ni ya kumpa nafasi ya kuzima mashine vizuri, sio ya kuendelea kucheza. Ruta nayo achomeke hapo hapo. Fundi umeme aje akague eathi ya nyumba, nyumba nyingi za kupanga huku tundu la eathi lipo ukutani ila nyuma yake hamna waya unaokwenda popote.

Sasa radi, na hili mama nalisema kwa uchungu. Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zinazopigwa radi sana duniani, na nyingi zinapiga usiku kuamkia asubuhi, maana usiku upepo wa nchi kavu unashuka toka pande zote unakutana juu ya maji ya vuguvugu na mawingu yanapanda. Ndo muda ule ule vijana wanastrimu. Miaka miwili iliyopita nilisikia ngurumo bado zipo mbali upande wa Ukerewe, nikawaaga watazamaji, nikachomoa plagi ukutani nikalala nikijua nimemaliza. Radi ikapiga jirani ikapita kwenye waya wa intaneti unaoshuka toka antena juu ya bati. Asubuhi ruta ilikuwa imekufa, na lile tundu la waya wa intaneti nyuma ya kompyuta lilikuwa na mviringo mweusi kama limeguswa na njiti ya kiberiti, plastiki imejikunja, ubao mama haukuwaka tena. UPS haizuii hiyo. Ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, anachomoa umeme NA waya wa intaneti, vyote viwili, strimu iishe hapo hapo.

Na hujaniuliza lakini nitasema: YouTube toka Julai 2025 anayeenda laivu peke yake ni wa miaka 16 na kuendelea. Wa 15 inabidi mtu mzima awepo na aonekane kwenye strimu. Asije akadanganya umri, chaneli ikifungwa kazi yake yote imeondoka. Kaa naye mama, hata saa moja jumamosi.

Nansio: Watazamaji wanasema nasikika kama nipo ndani ya pipa. Ninunue maiki ya bei gani?

Usinunue kwanza. Mtu atavumilia picha yenye ukungu mechi nzima, sauti mbovu anaondoka ndani ya dakika moja, na hili mimi nitalisema mpaka mlichoke. Ulipo sasa unaongea toka mbali na maiki ya laptopu, sauti inapiga ukutani inarudi. Vaa hedifoni yenye maiki au weka maiki shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Tundika blanketi zito ukuta ulio nyuma yako, na kama godoro linaweza kusimama pembeni lisimamishe. Kwenye OBS ongeza filta ya kupunguza kelele, itakuondolea feni, ila mvua kwenye bati isikudanganye, hamna filta inayoiweza. Kisha angalia vile vipimo vya rangi: sauti yako icheze kwenye njano, gemu ibaki chini kwenye kijani, nyekundu isiguswe. Ukishafanya yote hayo ndo unitafute tuongelee maiki, na nitakwambia ya dainamiki maana zile kondensa zinakamata hadi jogoo wa jirani.

Musoma: Naweza kupiga Bongo Fleva nyuma wakati nacheza?

Hapana. YouTube inautambua wimbo yenyewe, na hata kama msanii ni rafiki yako haki mara nyingi anazo msambazaji.

Kirumba: Nina PS4 tu, kompyuta sina. Inawezekana?

Inawezekana leo leo. PS4 inatuma yenyewe kwa kile kitufe cha Share, PS5 hivyo hivyo kwa Create. Thibitisha akaunti ya YouTube mapema maana kufunguliwa laivu ya kwanza kunaweza kuchukua masaa 24, wengi mnaligundua hilo siku mliyoshatangaza mechi. Siku ukipata kompyuta utahitaji kepcha kadi (kifaa cha kuingiza picha ya PS4 kwenye kompyuta), na zile za bei ya chini zilizoandikwa 4K zinapokea 4K ila kurekodi zinaishia 1080p. Kabla hujasema ni mbovu nenda kwenye setingi za PS4 uzime HDCP (ulinzi wa kuzuia picha isirekodiwe), kioo cheusi huwa ni hiyo.

Capripoint: Twitch wanaruhusu kbps 6,000, mbona unatushauri 3,000?

Kwa sababu ya anayekuangalia. Twitch, mtandao mwingine wa kustrimu kama YouTube, chaneli ndogo haina uhakika wa kupata zile ngazi za chini za picha, ikikosa basi unachotuma ndo hicho hicho anachopokea. Ukituma 6,000 mtu wa Sengerema aliyejiunga na bando la siku anapoteza GB 2.7 kwa saa ili akuone unafunga magoli, na mtandao wake ukiyumba kidogo hana ngazi ya kushukia. YouTube inawatengenezea ngazi zote, ndo maana wanaoanza huku nawaelekeza YouTube.

Bwiru: Kompyuta imeanza kulia feni na kuzima yenyewe, nipo karibu na maji. Ni unyevu?

Fungua pembeni uangalie kwanza. Kwa jirani zako wa ufukweni niliowafungulia nimekuta wale wadudu wa ziwani wamekauka kwenye feni na kwenye mapezi ya kupozea, wameshikana na vumbi kama zulia. Wanafuata mwanga, na usiku kioo chako ndo taa pekee chumbani. Zima mashine, chomoa, shika feni kwa kidole isizunguke, safisha kwa brashi kavu ya rangi. Wavu wa dirishani ukague na kompyuta uitoe chini uipandishe mezani.